Mwongozo wa Kutambua Mahusiano ya Viumbe: Kutoka Majaruba ya Idodi hadi Mto Ruaha

Mahusiano ya kiikolojia ni namna kiumbe wa aina moja anavyogusa maisha ya kiumbe wa aina nyingine: anavyomla, anavyomlisha, anavyomnyang'anya chakula, anavyomchavusha, anavyomwambukiza au anavyomtumia kama makazi tu. Mahusiano hayo hupangwa kwa kupima faida na hasara ya kila upande. Kazi ya kwanza ya anayetaka kuyaelewa ni kujua aina zake; kazi ya pili, ambayo ni ngumu zaidi, ni kutambua kwamba viumbe wawili wale wale wanaweza kufaana masika na kudhuriana kiangazi.

Tarafa ya Idodi, mkoani Iringa, ni mahali panapofaa sana kwa somo hili. Barabara ya kutoka Iringa mjini huteremka kutoka nyanda za juu hadi kwenye tambarare yenye joto, ikapita mashamba ya mpunga na mahindi ya Idodi, Mapogoro na Tungamalenga, kisha ikaingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyoanzishwa mwaka 1964 na kuongezewa eneo la Usangu mwaka 2008. Kati ya vijiji na hifadhi kuna eneo la jumuiya ya wanyamapori la MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Hapa ndipo uoto wa migunga wa Afrika Mashariki unapokutana na miombo ya kusini, na hivyo hifadhi moja ina tandala mdogo, mnyama wa vichaka vikavu vya kaskazini, pamoja na palahala na korongo, wanyama wa miombo. Kwa hiyo ndani ya mwendo mfupi mtu anaweza kuona mahusiano ya shambani, ya zizini, ya mtoni na ya porini.

Maswali manne ya kuanzia

Kabla ya kuupa uhusiano wowote jina, ni vyema kujibu maswali haya:

1. Nani anapata, na anapata nini: chakula, usafiri, ulinzi au makazi?
2. Nani anapoteza, na hasara yake ni kubwa kiasi gani?
3. Mmoja akiondoka, mwenzake ataweza kuishi na kuzaa?
4. Msimu, maji au idadi ya viumbe ikibadilika, majibu ya maswali matatu ya kwanza yanabaki yale yale?

Pande zote mbili zikipata, huo ni uhusiano wa kunufaishana. Mmoja akipata na mwenzake asipate wala asipoteze, ni faida ya upande mmoja. Mmoja akiishi juu ya mwili wa mwenzake au ndani yake na kumnyonya bila kumuua mara moja, huyo ni kimelea. Mmoja akimla mwenzake, ni uwindaji, au ulaji wa mimea kama anayeliwa ni mmea. Wote wawili wakigombea kitu kisichowatosha, ni ushindani. Swali la nne ndilo linalosahaulika zaidi.

Kunufaishana

Mfano ulio karibu na kila nyumba ni kichuguu. Mchwa wanaojenga vichuguu vikubwa hawawezi kumeng'enya vizuri miti na nyasi kavu wanazokusanya. Huzitafuna, wakazipeleka chini na kuzijenga kuwa masega yenye vishimo vingi, na juu ya masega hayo huotesha kuvu wa jamii ya Termitomyces. Kuvu huvunjavunja sehemu ngumu za mimea, na mchwa hula kilicholainika pamoja na kuvu wenyewe. Kuvu naye hupata chakula, unyevu na joto lisilobadilikabadilika. Mvua zinapoanza kukolea, kuvu huyo hutoa uyoga mkubwa unaochomoza ardhini juu ya kichuguu, na ndio unaochumwa na kuliwa. Uyoga huu hauoti porini pasipo mchwa. Anayebomoa kichuguu na kuua mchwa wake anapoteza pia shamba la uyoga ambalo hakulipanda.

Mfano wa pili uko kwenye mikuyu ya kando ya mito. Kuyu ni kifuko chenye mamia ya maua madogo yaliyofungiwa ndani. Nyigu jike, mdogo kuliko punje ya mtama, hupenya kwa tundu dogo la kwenye ncha, mara nyingi akiacha mabawa yake mlangoni. Huko ndani huchavusha maua kwa chavua aliyoibeba kutoka mkuyu mwingine, hutaga mayai katika baadhi yake, kisha hufa. Madume huanguliwa bila mabawa. Hupandana na majike, hutoboa njia ya kutokea, na wengi wao hufa bila kwenda mbali. Majike huruka na chavua mpya kutafuta mkuyu ulio tayari. Bila nyigu hao mkuyu haupati mbegu, na bila mkuyu nyigu hawana pa kuzalia. Ninga, popo na nyani wanaokula makuyu husambaza mbegu. Kuyu bichi likipasuliwa kwa kisu na kutazamwa kwa kioo cha kukuzia, nyigu huonekana. Hata hivyo kuna nyigu mwingine wa jamii hiyo hiyo anayeingia ndani ya kuyu na kutaga bila kuchavusha. Penye faida ya pamoja, mdokozi hakosekani.

Mbuyu nao hutegemea wageni wa usiku. Maua yake hufunguka jioni, huchavushwa hasa na popo walao matunda, na huanguka baada ya muda mfupi. Nyani na tembo hula ubuyu na kubeba mbegu mbali na mti mama.

Shambani, mfano mkubwa ni mikunde. Kunde, karanga na maharage hushirikiana na bakteria wanaokaa katika vinundu vya mizizi. Mmea huwapa sukari. Bakteria huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa mbolea. Kuhakikisha kama ushirikiano huo unafanya kazi, mmea mmoja hung'olewa taratibu pamoja na udongo wake kabla haujatoa maua mengi, mizizi ikaoshwa, na kinundu kimoja kikakatwa kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, bakteria wanafanya kazi. Kikiwa cheupe, cha kijani au cha kijivu, mmea unalisha wapangaji wasiolipa kodi. Shamba likiwa na naitrojeni nyingi ya mbolea ya dukani, mikunde hupunguza vinundu, kwa kuwa haina tena sababu ya kugharimia ushirika huo.

Wanyama pia hufaana kwa macho na masikio. Nguchiro wadogo hulala ndani ya vichuguu, na mchana huzunguka kutafuta wadudu. Hondohondo huwafuata na kudaka panzi wanaoshtuliwa. Utafiti uliofanyika katika nyika ya Taru nchini Kenya, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1983, ulionyesha kwamba hondohondo hungoja asubuhi mlangoni mwa nguchiro, na nguchiro nao huchelewa kuondoka wasipowaona hondohondo. Ndege hao hupiga kelele za tahadhari hata mwewe anapokuwa wa aina inayowinda nguchiro tu. Eneo la Ruaha lina hondohondo wake aliyepewa jina la kisayansi Tockus ruahae, mwenye mdomo mwekundu na ngozi nyeusi kuzunguka jicho. Anayepita penye vichuguu vinavyokaliwa na nguchiro anaweza kuchunguza kama naye ana desturi hiyo.

Faida ya upande mmoja, na mashaka yake

Yangeyange wanaotembea miguuni mwa ng'ombe na nyati ndio mfano unaotajwa zaidi. Mnyama akikanyaga nyasi, wadudu huruka, na ndege hudaka wengi zaidi kwa hatua chache. Ng'ombe hapati wala hapotezi kitu cha kuhesabika.

Shashi, ndege mwenye kucha kali anayepanda juu ya twiga, nyati na punda, huwekwa na wengi katika kundi la wanaonufaishana na mnyama kwa sababu hula kupe. Ni kweli hula kupe, lakini hunywa pia damu ya vidonda, na huvidonoa visifunge. Majaribio yaliyofanyika Zimbabwe kwa ng'ombe, yaliyochapishwa mwaka 2000, hayakuona upungufu wa kupe kwa ng'ombe walioachiwa shashi, na vidonda vyao vilikaa muda mrefu zaidi. Upande mwingine, utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba vifaru weusi wenye shashi mgongoni humtambua mtu anayewasogelea mapema kuliko wasio nao. Ndege yule yule basi ni mganga, mnyonyaji na mlinzi, kutegemea wingi wa kupe, hali ya vidonda na aina ya hatari iliyopo. Kuwaona viumbe wawili pamoja hakuthibitishi kwamba wanafaana.

Vimelea

Mbung'o, anayeitwa pia ndorobo, hubeba vimelea vinavyosababisha nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu. Wanyamapori wengi, kama nyati na tandala, huishi na vimelea hivyo katika damu bila kuugua sana, wakati ng'ombe hukonda na kufa asipotibiwa. Uhusiano huu una washiriki watatu: kimelea, mdudu anayembeba na mnyama anayemhifadhi. Ndiyo maana mfugaji anayepeleka ng'ombe vichakani karibu na hifadhi huwaingiza katika mzunguko ambao ulikuwapo kabla ya mifugo yake kufika.

Mimea nayo ina wanyonyaji. Kiduha hujishikiza kwenye mizizi ya mahindi, mtama au mpunga wa nchi kavu na kufyonza maji na chakula. Dalili za kudumaa na kunyauka huanza chini kwa chini kabla kiduha hakijachomoza. Mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, ambazo hukaa ardhini miaka mingi zikisubiri mzizi wa kushika. Kyela, mkoani Mbeya, wakulima wa mpunga wa mabondeni wanaijua jamaa yake, mbosyo, inayostawi penye maji. Mmea huu una majani ya kijani na unaweza kuishi bila mwenyeji, ila ukimpata hukua vizuri zaidi. Kung'oa kabla ya maua, kubadilisha mazao na kurutubisha udongo hupunguza mzigo wa mbegu msimu hadi msimu.

Ndege wa asali, yule anayemwita mtu kwa kelele na kumwongoza hadi kwenye mzinga wa nyuki wa mwituni, yuko katika makundi mawili kwa wakati mmoja. Kwa mrina asali ni mshirika: mtu hufukiza moshi na kupasua mti, ndege hula nta na viluwiluwi vya nyuki vinavyobaki. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi humtumia hadi leo. Katika hifadhi ya Niassa nchini Msumbiji, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba Wayao wanaotoa mlio wao wa jadi wa kumwita ndege huyo huongeza nafasi ya kupata mzinga zaidi ya mara tatu, kuliko wanaotoa sauti nyingine. Lakini jike lake hutaga katika viota vya ndege wengine, kama keremkerem, na kinda lake huanguliwa likiwa na ndoano kali kwenye ncha ya mdomo, ambayo huitumia kuua makinda ya mwenye kiota.

Uwindaji na ulaji wa mimea

Mfumo wa Ruaha na Rungwa una moja ya idadi kubwa za simba barani Afrika, pamoja na chui, duma, fisi na mbwa mwitu. Mwindaji hapunguzi tu idadi ya anaowala. Huwabadilishia pia mahali na saa za kulisha. Swala pala hukaa karibu na nyani na kusikiliza milio yao ya hatari, ingawa nyani dume naye akipata ndama wa swala aliyejificha nyasini humla. Tai husafisha mizoga kabla haijaoza. Mtu anayetia sumu kwenye mzoga ili amuue simba aliyekula ng'ombe wake huua kwanza tai, fisi na mbweha, na kuwaachia mbwa wa kijiji kazi ya kusafisha.

Tembo kwa mbuyu ni msambazaji wa mbegu na mharibifu pia. Katika ukame huchimba shina kwa pembe na kutafuna nyuzi zenye maji, hadi mti ukaanguka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1980 ulionyesha mibuyu ya Ruaha ikipungua kwa sababu hiyo. Tembo wakiwa wachache na maji yakiwapo, faida ya kusambaza mbegu huonekana. Wakibanwa eneo dogo lenye ukame, hasara huzidi.

Kwelea kwelea hufuata mantiki hiyo hiyo. Chakula chao cha kawaida ni mbegu za nyasi pori. Mbegu hizo zikipungua, makundi yao huhamia kwenye mpunga na mtama, na familia hushinda shambani kuamia ndege. Dawa inayonyunyizwa kwenye mazalia yao huwafikia pia mwewe na bundi wanaowala ndege waliolegea, yaani wale wale ambao wangesaidia kuwapunguza.

Ushindani

Ushindani mara nyingi hauonekani kwa macho, kwa sababu viumbe wengi wamekwisha kugawana. Tandala mdogo hushika vichaka vikavu; tandala mkubwa hutumia zaidi vilima na misitu ya wazi. Twiga hula majani ya juu, swala hula ya chini. Nyati na pundamilia hula nyasi ndefu ngumu na kuwaachia wengine machipukizi. Unaoonekana wazi ni wa wanyama walao nyama: fisi huwapora mbwa mwitu windo, na simba huua watoto wa duma. Mifugo inapoingia malisho ya wanyamapori wakati wa kiangazi, ushindani ambao masika haukuwapo huanza ghafla, kwa kuwa nyasi na maji vimebaki mahali pachache.

Pale uhusiano unapogeuka

Kiboko hula nyasi nchi kavu usiku na kujisaidia majini mchana. Mto unapotiririka, samadi hiyo husambaa na kuwalisha wadudu wa majini na samaki; ni uhusiano wenye faida. Lakini tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika karibu kila kiangazi, hasa kwa sababu ya maji yanayochotwa kwa kilimo cha umwagiliaji huko juu, Usangu, na kuathirika kwa ardhi oevu ya Ihefu. Viboko hubanana kwenye mabwawa machache yaliyobaki. Samadi hujaa, bakteria wanaoiozesha humaliza oksijeni, samaki na wadudu hupungua. Utafiti uliofanyika katika mto huo na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha mabadiliko haya waziwazi. Kiboko hajabadili tabia. Kilichobadilika ni maji.

Mfano wa pili umetoka Laikipia, Kenya. Mgunga mdogo wenye manundu meusi huwapa sisimizi nyumba ndani ya manundu na utomvu mtamu. Sisimizi huwauma tembo na twiga wanaosogea. Watafiti walipozungushia miti uzio uliowazuia wanyama wakubwa, miti ilipunguza manundu na utomvu, sisimizi walinzi walidhoofika, na wadudu wanaotoboa shina waliongezeka. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008. Baadaye sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa waliwaua walinzi hao. Tembo wakavunja miti, vichaka vikafunguka, na simba wakakosa pa kujificha kuvizia pundamilia. Kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2024, sehemu ya pundamilia katika windo la simba ilishuka kutoka asilimia 67 mwaka 2003 hadi 42 mwaka 2020, na simba wakageukia nyati.

Namna ya kuchunguza na kuandika

Mahali patano panatosha kwa kuanzia: kichuguu, mkuyu, mbuyu, zizi la ng'ombe na jaruba la mpunga. Kila mahali hutembelewa kwa saa ile ile, masika na kiangazi. Katika daftari huandikwa tarehe, saa, hali ya maji, viumbe waliokuwapo na tendo lililoonekana. Tafsiri huwekwa safu yake peke yake, ili «shashi amedonoa kidonda» isichanganywe na «shashi anamsaidia ng'ombe».

Jina la uhusiano huthibitishwa kwa kulinganisha: ng'ombe wenye shashi na wasio nao, jaruba lililo karibu na nyasi pori na lililo mbali, kunde zilizowekwa mbolea na zisizowekwa. Kilichoonekana mara moja ni tukio. Kinachojirudia msimu hadi msimu ndicho uhusiano.

Usalama hutangulia. Kuingia hifadhini kunahitaji kibali. Njia za viboko kati ya mto na malisho huepukwa jioni na alfajiri, vichaka vya kando ya maji huweza kuficha nyati, na tembo hutazamwa kwa mbali, upepo ukimjia mtazamaji usoni.

Matumizi yake kijijini

Uzio wa mizinga ya nyuki, ulioanzia Kenya na kutumika pia kando ya milima ya Udzungwa, umejengwa juu ya uhusiano mmoja: tembo huogopa nyuki. Mizinga hutundikwa na kuunganishwa kwa waya. Tembo akisukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Uzio huo hufanya kazi nyuki wakiwamo tu. Ukame ukiwafukuza nyuki, mizinga mitupu haizuii kitu, hivyo maji na maua ya karibu ni sehemu ya uzio.

Kwa wanyama walao nyama, zizi imara la usiku hupunguza hasara bila kuvuruga kazi ya tai na fisi. Mradi wa wanyama walao nyama wa Ruaha, ulioanza mwaka 2009, umetumia kamera za kutegwa katika ardhi za vijiji: kila picha ya mnyamapori hupata alama, na kijiji chenye alama nyingi hupata manufaa makubwa zaidi ya elimu, afya na mifugo. Hapo mnyama aliyekuwa hasara tupu huanza kuwa na faida.

Kabla ya kuondoa, kuleta au kupulizia dawa kiumbe yeyote, orodha fupi huandikwa: anayemla, anayeliwa naye, anayemtumia kama makazi, na anayemhitaji ili azae. Palipo na jina ambalo mwandishi hakulitarajia, uamuzi hungoja hadi msimu mmoja wa uchunguzi upite.